Gasketi, sili, silikoni na dawa za chupa: kipi cha kununua HiAce inapovuja oili

Peleka gereji HiAce ya zamani yenye tone la oili pale injini inapokutana na giaboksi, na jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba sili ya nyuma ya krenki, ile raba ya mviringo inayozuia oili pale krenki inapotokeza, imekwisha, giaboksi lazima ishuke. Usikubali upesi. Kwenye HiAce za kizazi cha H100, zile zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1989 zikiwa na injini za dizeli za 2L, 3L na 5L au za petroli za 1RZ na 2RZ, oili ya nyuma mara nyingi inaanzia juu kabisa, kwenye gasketi ya kava ya tapeti, kifuniko kinachokaa juu ya silinda hedi. Inashuka nyuma ya silinda hedi, inafuata ukuta wa bloku, inatiririkia kwenye maungio ya giaboksi na kudondoka mahali palepale ambapo sili ya nyuma ingedondoshea. Fundi anayeangalia tone badala ya chanzo atakutoza siku nzima ya kazi, kisha gari litarudi likiwa linavuja vilevile.

Kwa hiyo mapitio haya yanaanza na vitu vya bei nafuu, vinavyofikika bila kushusha chochote, na kuishia na vile ambavyo wenye maduka hupenda kuviweka mbele ya kaunta.

Kabla ya kununua chochote, tafuta chanzo. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ukiinua kiti na kufungua kifuniko unaona sehemu ya juu tu. Upande wa chini unahitaji jeki na stendi mbili imara, maana kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake ni kutafuta msiba. Osha injini kwa dawa ya kuondolea grisi, altaneta ikiwa imefungwa kwa mfuko wa plastiki. Kuosha kwa dizeli kumezoeleka lakini kunaacha utando unaong'aa, na kesho yake kila mahali panaonekana pamelowa. Injini ikishakauka, pakaza poda ya watoto kwenye maungio yote, iwashe ingurume robo saa, zima, mulika kwa tochi. Mahali poda inapogeuka kuwa tope la kahawia ndipo pa kufuatilia. Kama uvujaji ni wa polepole sana, nunua rangi inayochanganywa na oili. Kichupa cha mililita 30 kinatosha injini ya lita tano hivi. Endesha gari siku moja, kisha rudi usiku na ile taa ya zambarau wanayotumia wenye maduka kukagua noti bandia. Oili yenye rangi inawaka njano au kijani, na hakuna bidhaa nyingine kwenye orodha hii inayorudisha pesa yako haraka kama hiyo.

Unatafuta sehemu iliyo juu zaidi na iliyo mbele zaidi kati ya zote zilizolowa. Oili inashuka kwa uzito wake, na feni pamoja na upepo wa barabarani vinaipeleka nyuma, kwa hiyo kilicho chini na nyuma ni matokeo tu. Nusa pia. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti, na ikiwa ndiyo inayodondoka basi sili za krenki hazihusiki, tatizo liko kwenye sili ya mbele ya giaboksi.

Kuna vitu viwili vya kuondoa mashaka mapema. Cha kwanza ni filta ya oili: raba ya filta ya zamani hubaki imeganda kwenye bloku, filta mpya ikafungwa juu yake, raba mbili zikakaa pamoja na oili ikatoka kwa presha. Pakaza oili kwenye raba mpya, funga kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Cha pili ni swichi ya presha ya oili, kale kadude kenye waya mmoja. Ikizeeka oili hupenya katikati yake, kwenye plastiki, si kwenye nyuzi, kwa hiyo kuikaza hakusaidii. Bei yake ni ndogo na inabadilishwa kwa dakika chache, ila nyuzi zake ni za mchongoko, haitakiwi kukazwa kwa bomba la kurefusha spana hadi bloku ipasuke.

Sasa gasketi ya kava ya tapeti. Hii ndiyo bidhaa tunayoipa alama za juu kuliko zote, kwa sababu ya kiasi cha oili inachokizuia kwa pesa ndogo. Dukani, iwe Gerezani pale Dar es Salaam au Kirinyaga Road, Nairobi, utawekewa aina tatu. Ya Toyota yenyewe, ya makampuni ya Kijapani kama Ishino, inayouzwa kwa jina la Stone, na isiyo na jina, iliyofungwa kwenye nailoni yenye karatasi iliyoandikwa namba ya injini. Hizo mbili za kwanza kwa kazi hii hatuoni tofauti inayostahili kugombaniwa. Ya nailoni ni bahati nasibu. Ikunje kona kwa vidole: raba nzuri inarudi palepale bila alama, mbaya inabaki na mkunjo mweupe. Bonyeza ukucha. Tazama kwenye mshono wa kalibu kama kuna vipande vya raba vilivyoning'inia. Kisha ilaze juu ya ile ya zamani ulinganishe urefu, kwa kuwa raba duni husinyaa hata kabla ya kufungwa, na utajikuta ukiivuta ili ifike kwenye kona. Gasketi iliyovutwa itavuja kwenye kona hiyohiyo.

Kosa kubwa la wanunuzi ni kuchukua gasketi peke yake na kuacha washa za raba zinazokaa chini ya boliti au nati za kava. Hizo ndizo zinazoamua kava inabanwa kiasi gani. Zikikauka zinakuwa ngumu kama plastiki, nati inafika mwisho wa nyuzi wakati kava bado haijaibana gasketi, na fundi anaendelea kukaza hadi kava inapinda. Uliza washa hizo kwa jina na uzinunue zote. Kwenye silinda hedi yenye kipande cha raba cha nusu mwezi upande wa nyuma, nunua nacho kipya. Huko ndiko hasa oili inakotokea na kusingiziwa sili ya krenki.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu, ila kunataka utulivu. Kava ikishatoka, ziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi, kwangua mabaki kwa kipande cha plastiki au mbao. Wembe wa chuma unachora alumini, na mchoro mmoja unaovuka ukingo ni njia ya oili. Laza kava kifudifudi juu ya kioo kinene: ikichezacheza imepinda, na gasketi yoyote utakayoweka itashindwa. Safisha kingo zote mbili kwa spreyi ya breki hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Gasketi ya raba inafungwa kavu. Silikoni inahitajika sehemu chache tu, kwenye kona za nusu mwezi na pale kepu ya kamshafti inapokutana na hedi, kiasi cha punje ya mtama. Ukipaka silikoni gasketi nzima raba inateleza, na unapokaza inachomoka kwa ndani bila wewe kuona.

Anza kukaza katikati ukielekea pembeni kwa kupishanisha, kwa awamu mbili au tatu. Boliti ndogo za M6 za kava hazifiki hata Nm 10. Ukiwa huna toki renchi, spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, shika spana fupi karibu na kichwa chake na utumie nguvu ya kifundo cha mkono tu. Tumeshaona kava nyingi mno zilizopasuka pembeni mwa tundu la boliti kwa sababu ya mtu kutumia raketi ndefu.

Wenye HiAce za kizazi cha tano, zile za H200 zilizoanza 2004, wakiwa na injini ya petroli ya 1TR-FE wakumbuke raba za mashimo ya plagi. Zikichoka, oili inajaa kwenye shimo, inalowesha mpira wa koili, injini inaanza kukosa, na mtu ananunua koili mpya bila sababu. Funga raba hizo pamoja na gasketi ya kava, usiziache kwa ajili ya safari nyingine.

Kuna jambo moja linaloweza kuharibu kazi yote iliyo hapo juu, nalo ni presha ndani ya injini. Injini ikinguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mdogo kwenye dizeli ya zamani ni kawaida. Moshi unaosukumwa kwa mapigo, unaoweza kuinua kifuniko kilicholazwa juu ya tundu, unamaanisha ama mpira wa kupumulia umeziba kwa tope la oili, ama ringi za pistoni zimekwisha. Anza na mpira: uchomoe, uusafishe kwa petroli, puliza hadi hewa ipite bila kizuizi. Kwenye injini ya petroli yenye vali ya kupumulia, itikise. Isiposikika ikigonga ndani, badilisha. Ringi zikiwa ndizo zimekwisha, hakuna gasketi duniani itakayokaa. Presha itatafuta sehemu dhaifu inayofuata na wewe utakuwa unalisha duka la spea.

Silikoni za tyubu zinastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu ndizo zinazotumiwa vibaya kuliko zote. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, za injini nyingi za Toyota hazikuwekewa gasketi kiwandani, zimefungwa kwa silikoni tupu. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataja tyubu namba 08826-00080 au inayolingana nayo, na vile vya baadaye vinataja Three Bond 1207B, nyeusi. Permatex Ultra Black ni mbadala mzuri unaopatikana kirahisi. Hizi ndizo tunazozipendekeza. Silikoni nyekundu ya bei ya chini imetengenezwa kustahimili joto, lakini kukaa ndani ya oili moto miaka mingi si kazi yake, inavimba na kubanduka. Ile ya kuzibia vioo na masinki, yenye harufu ya siki, iache kwa mafundi wa nyumba.

Kwenye sampu, tandaza uzi wa milimita 3 hadi 4 mfululizo, ukipita upande wa ndani wa matundu ya boliti, na uzi usikatike. Zaidi ya hapo ni hatari kuliko uvujaji wenyewe. Ziada inajikunja kwa ndani, ikikauka inakatika, inadondoka kwenye sampu na kunyonywa hadi kwenye chujio la pampu ya oili. Taa ya oili ikiwaka barabarani kwa sababu hiyo, unakuwa umebadilisha tone la oili kwa krenki iliyokwaruzwa. Bidhaa za Toyota zinataka sampu ipachikwe ndani ya dakika tatu hadi tano baada ya kupaka, na oili isimwagwe kabla ya saa mbili kupita. Ultra Black inataka ukaze kwa vidole kwanza, usubiri saa moja, uongeze robo mzunguko, kisha uiache hadi kesho yake. Gereji inayokabidhi gari nusu saa baada ya kupaka silikoni imekuuzia kazi ya kurudia.

Kagua pia ukingo wa sampu. Kila mara mtu alipojaribu kuzuia tone kwa kukaza, bati limevutwa juu kuzunguka tundu, likaacha uwazi kati ya boliti na boliti. Geuza sampu, weka ukingo juu ya chuma bapa, gonga kwa nyundo ndogo hadi unyooke. Gasketi nene ya kahawia yenye punje za kizibo, ambayo maduka mengine huiuza badala ya silikoni, inavumilia ukingo mbovu kwa muda, halafu inasinyaa na kudai kukazwa kila baada ya miezi michache. Hatuipendekezi. Na kama injini ni 2KD au 1KD, sampu ikishatoka usiirudishe kabla ya kutazama chujio la pampu. Injini hizo zikivuja kwenye washa za nozeli, masizi huingia kwenye oili na kuziba wavu.

Wenye dizeli za 2L, 3L na 5L wana chanzo kingine kinachosahaulika, pampu ya vakyumu iliyo mgongoni mwa altaneta. Inalishwa oili ya injini kwa paipu nyembamba na kuirudisha kwa mpira mnene kidogo. Mpira wa kurudishia hupasuka na kulowesha upande mzima wa injini, na washa za shaba kwenye boliti ya paipu zikitumiwa mara ya pili bila kubadilishwa huvuja. Sili ya katikati ikifa, oili inaingia ndani ya altaneta na kuua brashi. Nunua mpira uliotengenezwa kwa oili, maana mpira wa maji au wa petroli wa kawaida unalainika na kuvimba. Wapo wanaoziba paipu ya kulishia ili uvujaji ukome. Hiyo pampu ndiyo inayosaidia breki. Ikikosa oili inakwama, na abiria kumi na wanne watakuwa kwenye gari ambalo pedali yake imekuwa jiwe.

Sili za kamshafti na za krenki mbele zimekaa nyuma ya belti ya taimingi kwenye injini za L, kwa hiyo ukizifikia, badilisha zote kwa pamoja na belti yenyewe. Belti iliyolowa oili haioshwi. Ikikatika kwenye dizeli hizi, pistoni zinagonga vali. Kwa sili tunapendelea za kampuni ya Kijapani NOK au za Toyota. Usitegemee boksi, linaigwa kirahisi. Tazama maandishi kwenye sili yenyewe, ambapo vipimo hupangwa kipenyo cha ndani, cha nje, kisha unene kwa milimita. Raba ya kawaida nyeusi ya NBR huanza kukauka joto likipita nyuzi 100 hadi 120, wakati FKM, ambayo mara nyingi huwa ya kahawia, inafika 200. Kwenye krenki lipia FKM.

Kuitoa ya zamani, toboa bati lake kwa uangalifu, ingiza skrubu, vuta kwa koleo. Bisibisi ikigusa shafti unachora mfereji. Pakaza grisi kidogo kwenye mdomo wa sili mpya ili ile springi ndogo isiruke wakati wa kugonga, isipokuwa sili ya PTFE, yenye mdomo mwembamba usio na springi, ambayo inafungwa kavu. Gongea kipande cha bomba la PVC lenye kipenyo cha nje kinacholingana, polepole, ukizunguka, hadi iwe sawa na ukingo. Ukipitisha ukucha kwenye shafti na ukakwama kwenye mfereji wa sili ya zamani, sili mpya ikikaa palepale itavuja. Iache nje kwa milimita moja au mbili ili mdomo uguse chuma kizima, au nunua kishati cha chuma kama Speedi-Sleeve cha SKF, chenye unene wa takriban milimita 0.28, kinachovalishwa juu ya mfereji.

Sili ya nyuma kwa kazi yake ni hiyohiyo, tofauti ni kwamba propela shafti na giaboksi vinashuka. Ikiwa umethibitisha ndiyo yenyewe, nunua pamoja nayo pleti ya klachi na beringi yake. Pleti iliyolowa oili hata ikioshwa kwa petroli itaendelea kuteleza.

Seti nzima ya gasketi, ile ya boksi kubwa, tunaipa alama za chini kwa kazi hii. Unalipia gasketi ya silinda hedi na raba za vali ambazo hutazifunga, na mara nyingi sili zilizomo ndizo dhaifu kuliko ambazo ungechagua moja moja. Ina maana pale tu injini inapofunguliwa yote.

Zimebaki dawa za chupa, zile zinazomwagwa kwenye oili ya injini ili kuzuia uvujaji. Zina vilainisho vinavyofanya raba kavu ivimbe na kulainika, na kwa sili iliyokauka tu lakini haijakatika, zinapunguza tone kweli. Hazifanyi lolote kwa silikoni ya sampu iliyobanduka, washa ya shaba, kava iliyopinda wala shafti yenye mfereji. Kumwaga mafuta ya breki kwenye oili ili sili zivimbe, ushauri unaotolewa vijiweni, ni kuharibu injini: raba zote zinavimba, zile nzima pia, kisha zinaoza, na oili inapoteza uwezo wa kulainisha. Chupa inafaa kwa gari ambalo sili yake ya nyuma inatoa jasho, klachi bado ni kavu, na giaboksi itashushwa baadaye kwa sababu nyingine. Imwage wakati wa kubadilisha oili, ukipunguza oili kwa kiasi hichohicho ili kipimio kisipite alama ya juu, na uipe mamia ya kilomita kabla ya kuihukumu. Ikifika kilomita elfu moja na tone halijapungua, chupa ya pili haitaongeza kitu. Pesa hiyo ielekezwe kwenye sili na pleti ya klachi, vibadilishwe kwa mshusho mmoja.